Maji ya Kanzu ya Babu

Juzi mvua ilipopiga hapa Junda, jirani alitoa karai nje akinge maji ya paani. Nilisikia matone yakigonga bati, na harufu ya sabuni ya mche ikanijia puani.

Nilipokuwa mdogo, kisima chetu kilikuwa cha chumvi. Ukifulia maji yake, sabuni haitoi povu, na nguo ikikauka husimama kama ubao. Kwa hivyo Bibi alikinga mvua kwenye pipa, na kabla ya kufua alichovya kidole akaonja. Mimi nilidhani anaonja kama aonjavyo mchuzi, kwamba maji nayo huiva.

Alasiri moja mfereji wa mtaani ulikuwa umekauka, na pipa limebaki na maji ya chini kabisa.

“Mama, niachie hayo nipikie chai,” mamangu alimwambia Bibi.

“La, mwanangu. Haya ni ya kanzu ya Babu. Kesho ni Ijumaa.”

Mamangu akachukua ndoo akaenda kisimani. Jioni ile tulikunywa chai ya chumvi, wala hakuna aliyelalamika.

Mimi niliketi barazani, naitazama kanzu ikipepea kambani, nyeupe, laini. Niliambiwa Babu amesafiri. Nikajua basi, kesho anarudi.

Sasa najua safari ya Babu ilikuwa ya kaburini. Lakini juzi, mvua ilipozidi, nami nilitoa karai langu. Nikafungua sanduku, nikaitoa leso ya Bibi. Kabla ya kuitia majini, nikachovya kidole, nikaonja.