Nyumba ya Miti ya Patrick

Haya ninayo mpaka leo, lakini acha niseme. Siku ile, kwenye fleti yetu mtaani Overport, tulikuwa hawa: mimi, Koko Faida, mwanangu Bahati na mke wake Solange, binti yao Neema, mjukuu wangu wa kwanza, halafu Papa Deo na Mama Odette, wazazi wa Patrick, kijana muuguzi kule Uingereza aliyetaka kumuoa Neema. Walileta kinywaji, na kwetu sisi koko, bibi wa binti, akionja, ndoa imekubaliwa. Asipoonja, hakuna ndoa.

Fanta ilikuwa mkononi, imefunguliwa, ningekunywa tu yangeisha, lakini nikasema kwanza nionyeshwe mahali mtoto atakapolala. Mama Odette, kwa furaha, akatoa foto kwenye simu. Eish! Nyumba ya miti! Miti myeusi iko nje inaonekana, katikati wamekandika udongo wakapaka chokaa, ghorofa ya juu imeinamia barabara kama mlevi (mimi nilizaliwa ndani ya nyumba ya miti na udongo, najua mvua inavyoifanya).

"Mama Odette, simenti ilikosa Ulaya?"

Bahati akaninong'oneza, "Mama, nyamaza." Ninyamaze? Nikamwita kwa dirisha Papa Elia, jirani yetu fundi wa kujenga, akapanda, akaangalia foto, akatikisa kichwa.

"Koko, hii ni mvua moja tu."

Papa Deo akasema polepole, "Mama, nyumba hii iko na miaka mia nne. Watu wanatoka mbali kuipiga picha. Zamani ilikuwa hoteli, wasafiri wa farasi walilala pale, wakanywa bia yao."

"Kumbe ni baa!" Nikaweka Fanta chini.

Mama Odette akasimama, akakaza kitenge chake. "Tumeelewa, Koko." Wakatoka. Na Neema, amesimama kwenye mlango wa jikoni, machozi yanatiririka, akaniuliza, "Koko, mimi uliniuliza?"

Baadaye alimfuata Patrick, akaolewa hukohuko Uingereza, bila mtu wa kwetu kumsindikiza. Ananipigia simu, ndiyo, anasema ndani kuna joto na miti ile ni migumu kama chuma, lakini hanitanii tena kama zamani, na mimi nabaki kumuuliza habari za baridi. Harusi ya mtu sitaipimia ukuta tena.

Mliokuwepo, kama nimechanganya majina ao maneno, nisahihisheni. Ningefurahi sana hata mmoja wenu akiniambia, Koko, wewe hukusema vile.