Siku Niliyofunga Kompyuta za Ofisi Nikajifungia Nje

Naona haya hata kusimulia, lakini bora mcheke mkinisikia mimi mwenyewe kuliko mletewe umbea. Mwaka wa tisini na nane nilikuwa kibarua wa kompyuta katika chama cha wakulima wa chai huko Nyamira, na Jumatatu moja kamati ilikuwa iamue kama niandikwe kazi ya kudumu. Wiki moja kabla, mwenyekiti akaniagiza niondoe gemu ya karata kwenye kompyuta zote. Kazi rahisi! Unaandika sharti kwenye seva (ile kompyuta inayoziongoza zingine), na kila mtu akiingia na paswadi yake, linamfikia.

Halikumfikia mtu. Nikakagua waya, nikaliandika upya, karata ziko tu! Mama Nyaboke, karani mkuu, akaniambia, "Kijana, si uzizime kwanza, uziwashe?" Nikamjibu kwa dharau, "Mama, hii si redio." (Mjinga mimi! Jioni ofisi nzima ilizima kioo tu na kukifunika kwa kitambaa cha kufuma, mashine yenyewe ikabaki inanguruma wiki baada ya wiki, kwa hivyo hakuna aliyekuwa akiingia upya.) Hasira zikanipanda, nikaongeza ukali, nikafunga karata, nikafunga kila programu, nikaandika "watu wote". Ijumaa saa tisa Wasabato wakaenda kujiandaa kwa Sabato, nami nikaondoka nimenuna.

Jumapili stima ikapotea, mashine zote zikazimika. Jumatatu, wakulima wamejaa uani wakingoja barua za kuchukulia mbolea, makarani wakawasha, wakaandika paswadi, na masharti yote yakawafikia kwa mpigo: vioo vitupu, hakuna cha kubonyeza. Nikakimbilia seva niyafute. Nayo tupu! Si nilisema watu wote? Na mimi ni mtu.

Mwenyekiti akaagiza barua zipigwe chapa. Mama Nyaboke akatoa taipureta kabatini, nami nikakaa kando yake nikimsomea majina kutoka kwenye rejista. Tukafika jina la mama yangu, aliyetoka Ekerenyo (ambako kanisa zima lilijua mwanawe ndiye mwenye kompyuta za chama). Akapokea barua, akaitazama taipureta, akanitazama mimi, akauliza wakulima wote wakisikia, "Mwanangu, kumbe hii ndiyo kompyuta?"

Nikasema ndiyo, mama. Ningesema nini?

Kamati ikaniacha kibarua mwaka mzima. Tangu siku hiyo, sharti la kwanza lisipofika, la pili siandiki ng'o, hadi nizunguke dawati kwa dawati nikiuliza watu kwa adabu.