Bi Salama na Tambi za Posa

Harufu ya dawa ya sakafu haihami upesi. Ile hospitali kuukuu iliyokuwa nje ya mji wa Malindi, upande wa kuelekea Ganda, ilifungwa nikiwa bado mchanga, na miaka kumi baadaye ukisukuma mlango wa wodi ya wanawake harufu ile ilikupokea vilevile, sasa imechanganyika na mavi ya popo na majani ya mikorosho yaliyooza kwenye mifereji. Watu waliiita Karantini. Ndipo walipolazwa wenye kifua kikuu, enzi ambazo mgonjwa akija kukutembelea kikombe alichonywea kilivunjwa akiwa hajafika hata mwisho wa mtaa. Wagonjwa walikuwa wamekwisha hamishiwa kwingine, mabati yameshika kutu, lakini hofu ilibaki palepale. Watu wazima walipita mbali. Sisi watoto ndio tuliokuwa na ujinga wa kutosha kuingia.

Nasema sisi, lakini ujinga ulikuwa wangu. Likizo ile ya Agosti, katikati ya miaka ya themanini, mama alikuwa akinituma Ganda kununua muhogo kwa kina Kadzo, rafiki yangu niliyekuwa nakaa naye dawati moja shuleni. Kwao na Karantini palikuwa pua na mdomo. Kadzo alinipeleka mpaka mlangoni, akasimama hapo, mikono nyuma. "Vitu vya wagonjwa haviguswi," aliniambia. "Hujui nani bado anavitaka." Mimi mtoto wa mjini nikamcheka. Nilipanda vitanda vya chuma nikaruka mpaka springi zikalia, nikavuta droo zote, nikaacha zimeachama. Kwenye chumba cha kuoshea vyombo nikaona bakuli jeupe la bati la kaure, ukingo wake wa buluu, limepinda kama korosho. Sikuwa nimewahi kuona chombo kizuri kama kile. Nikakifunga ndani ya leso pamoja na muhogo, na Kadzo hakunisemesha njia nzima.

Nyumbani nilisema nimepewa na mama yake Kadzo. Uongo ulinitoka laini kama samli. Mama alituzaa sote nyumbani kwa mkunga, ya hospitalini alikuwa hayajui. Alikigeuza chombo huku na huku, akakisugua kwa mchanga na majivu, akakimiminia maji ya moto, akakiweka kabatini na vyombo vya wageni. Na wageni walikuwa njiani. Dada yangu Zuhura alikuwa amependwa na kijana wa watu wa heshima, na kabla wanaume hawajaleta posa rasmi, wanawake wa upande wa mume wangekuja kututazama. Tangu baba afariki tulikuwa tunajihesabu watu wa chini kidogo, na mama aliitaka posa ile kama mtu anavyoutaka mlango ufunguke mvua ikinyesha. Hakulala siku mbili kwa kupika.

Walikuja watano, alasiri, wananukia udi. Zuhura alikuwa amefichwa chumba cha ndani kama ilivyo desturi, mimi ndiye niliyekuwa napitisha vyombo. Kaimati, vibibi, sambusa, na katikati ya sinia, mahali pa heshima, tambi za sukari zenye hiliki na zabibu, ndani ya bakuli langu lenye umbo la korosho. Mama alikuwa akikitazama kile chombo kwa fahari. Mmoja wa wale wanawake alikuwa Bi Salama, mtu mzima mwembamba, jirani ya mama yake kijana, mwenye sifa ya adabu mpaka watu walikuwa wakiwapigia mfano watoto wao. Nilimwona akikitupia jicho kile chombo, kisha akanitupia mimi. Mama yake kijana alikuwa ameshaunyoosha mkono. Bi Salama akakivuta chombo kizima, akakipakata.

"Hizi ni zangu," alisema. "Nyinyi kuleni kaimati."

Wenzake walidhani ni mzaha, wakacheka. Hakuwa na mzaha. Alikula kimya, tonge kwa tonge, tambi za kulisha watu sita, na vicheko vikapungua, vikawa kutazamana. Mama, masikini, akasema ziko nyingine jikoni. "Ziache hukohuko," Bi Salama akajibu, akaendelea. Alipomaliza alikifunika chombo kwa kitambaa, akanyoosha mikono nimmiminie maji, na chini ya sauti ya maji akaniambia, "Kesho ukitoka chuoni uje kwangu. Na hiki uje nacho, kimefunikwa hivihivi." Wageni hawajafika nje ya ua nilisikia mmoja akisema kwamba kumbe adabu yote ile ni njaa tu.

Kesho yake nilikwenda na msahafu mkono mmoja na chombo mkono wa pili. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniketisha. "Umekitoa Karantini," alisema, wala haikuwa swali. "Nilikuwa mhudumu wa wodi kule tangu ujana wangu. Vyombo hivi nimeviosha mpaka mikono ikababuka. Humu wagonjwa walikuwa wakitemea makohozi." Nikaziba mdomo kwa kiganja. "Usinitapikie hapa. Kimepita maji ya moto, hakina kitu, mimi najua. Lakini wenzangu hawajui, na si haki kumlisha mtu kwenye kitu asichokijua. Na angelijua mmoja tu, dadako asingeolewa na wale, wala na wengine." Nikalia. Nikasema nitakwenda kumwambia mama, niwaambie wote, kwa sababu jana usiku mama mwenyewe alikuwa ameshamsema kwa majirani, yule bibi na tumbo lake. Bi Salama akacheka, mkono juu ya tumbo. "Ukienda kusema, nitakuwa nimevimbiwa bure."

Tukaenda Karantini kwa miguu, jua la asubuhi. Mlangoni alivua viatu, akaniambia nivue vyangu, akabisha hodi na kungoja. Nikamuuliza anambishia nani. "Waliolala hapa. Wengine walitoka kwa miguu yao, wengine walibebwa. Wote walikuwa wageni wangu." Alinipitisha kitanda kwa kitanda, mikono yetu nyuma, kama Kadzo. Hapa alilala msusi wa ukili, mikono imeisha nguvu, akamfundisha Bi Salama kusuka mkeka kwa maneno matupu. Hapa mama mmoja aliyeomba asogezwe dirishani asikie watoto wa nje wakicheza. Majina hakuniambia hata moja. Alisema waliingia kwa siri, na siri yao haikuisha milango ilipofungwa. Alikirudisha chombo mahali pake, kisha akanisimamia nikafunga kila droo niliyoiacha wazi. Mpaka leo nikizikumbuka droo zile uso unanipata moto. Mwezi ule tulirudi mara nne, na Kadzo alikuja nasi, akaingia mpaka ndani, kwa kuwa sasa palikuwa na mtu anayejua kuomba ruhusa. Tulifagia majani kizingitini, tukasikiliza. Kama nina adabu yoyote ya kuingia kwa watu, nimeipata mle.

Posa ililetwa. Arusini, kwa utani, wanawake walimwekea Bi Salama sinia zima la tambi mbele yake, ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Alicheka nao, akala kidogo. Mimi nilikuwa pale nikiangalia miguu yangu. Alifariki nikiwa sekondari, na hata matangani kuna mtu alikitaja kisa cha tambi. Sikusema. Mwanzoni nilinyamaza kwa kuwa alinikataza. Baadaye, niseme ukweli, ilikuwa woga tu.

Siku hizi Karantini imebaki nusu. Vijana huenda kupiga picha kwa simu, wamekaa juu ya vitanda, ndimi nje. Sithubutu kuwakemea, maana springi zile nilizirukia mimi kabla yao. Tofauti ni kwamba mimi nilipata mtu wa kunishika mkono akanirudisha nikavue viatu, wakati alikuwa na haki ya kuniumbua mbele ya watu. Nimesoma kwa walimu wengi, na namshukuru yeye kuliko wote.

Zuhura sasa ana wajukuu saba, na kisa chake anachokipenda ni cha mroho wa posa yake. Mwezi uliopita alikuwa akiwasimulia tena, watoto wamelala chali kwa kucheka, nikashindwa. Nikawatoa nje, nikamweleza yote, tangu leso na muhogo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja anitukane, na angekuwa na haki. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, kisha akaniuliza, "Bi Salama binti nani?"

"Binti Khamisi," nikasema.

Ijumaa tulikaa kuwasomea marehemu wetu Yasini, na Zuhura ndiye mtaja majina. Akamtaja baba, akamtaja mama. Wa tatu alimtaja Salama binti Khamisi, na ndipo akamtaja marehemu mumewe.