Seta Funga, Hacha Fungua

Nilitoka Masasi na begi moja, cheti cha kidato cha nne na shati la mikono mifupi. Basi la kwanza lilinifikisha Dar es Salaam, nikalala kwenye benchi la kituoni. La pili likanipandisha kupitia Chalinze, Korogwe na Same. Mpaka Same nilikuwa natokwa jasho. Baada ya Moshi abiria walianza kufungua mabegi na kuvaa makoti, mmoja baada ya mwingine, bila kusemezana, nami nikadhani ndiyo desturi yao wanapokaribia kwao. Niliposhuka Arusha nikaelewa. Ilikuwa Juni, na manyunyu yalikuwa yanaanguka bila kuamua kuwa mvua. Meno yangu yaligongana mpaka mpiga debe mmoja akawaambia wenzake, "Huyu ni wa Kusini. Mtafutieni jaketi kabla hajaganda."

Nimefanya kazi nyingi tangu hapo na nimehama miji mingi, maana miguu yangu haijui kukaa. Lakini vijana wanaoanza kutotolesha vifaranga huniuliza tulifanyaje zamani kidogo, kabla ya betri na sola, umeme ulipokatika wakati wa baridi. Nami huwa najibu kwa ufupi kwa sababu jibu refu linahitaji kikao. Leo nitalisema lote.

Nilianza Daraja Mbili kwenye stoo ya chakula cha kuku, nikibeba magunia ya pumba na mashudu. Kutoka hapo nikapelekwa Njiro, kwenye nyumba yenye ukuta mrefu ambako mashine moja ndogo iliwekwa kwenye banda la gari. Wateja walikuwa wafanyakazi wa maofisini waliofuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba zao. Nilipoonekana sivunji mayai, nikapandishwa mlimani, kwenye kituo kikubwa kilichokuwa juu ya Tengeru katikati ya migomba na kahawa za Wameru. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Mwenye kituo alikuwa Singasinga mzee ambaye familia yake imefanya biashara Arusha tangu enzi za babu yake. Sote tulimwita Bosi. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mbele ya mashine, kilemba chake kikiwa kimelowa ukungu.

"Unajua kuku?"

"Najua kumla, Bosi."

Msimamizi wetu, Bwana Kaaya, alicheka kwa pua. Bosi hakucheka. Alinionyesha kabati kubwa la mbao lenye trei zinazoinama huku na huku. Hiyo ni seta, ambamo mayai huatamiwa na kugeuzwa kwa siku kumi na nane. Kisha akanionyesha kabati la pili, dogo, lenye trei za waya zilizolala. Hiyo ni hacha, ambamo mayai hukaa siku tatu za mwisho na ndimo vifaranga hutokea.

"Sikia vizuri," akasema. "Umeme ukikatika, seta ni mgonjwa wa homa. Mfunike. Hacha ni ukumbi wa harusi, watu wamejaa na feni imezimika. Utafunga milango?"

"Hapana, Bosi."

"Utaniambia tena Julai, vidole vikiwa vimekufa ganzi."

Nieleze maana yake. Yai changa halina joto lake lenyewe, kwa hiyo likipoa, kilichomo hufa. Yai lililokomaa ni kitu kingine kabisa. Ndani yake kuna kifaranga kamili anayepumua na kutoa joto, na wakiwa mamia kwenye kabati moja ni kama moto wa kuni. Feni ndiyo huondoa joto hilo na kuingiza hewa. Feni ikisimama na mlango ukabaki umefungwa, vifaranga hupikwa na kukosa pumzi humo humo, hata kama nje kuna barafu. Ndiyo maana tulikuwa na msemo wetu wa zamu, seta funga, hacha fungua.

Seta tuliifunika kwa mablanketi mazito, tukapanga chini ya trei madumu ya maji ya moto yaliyochemshwa kwa kuni nje. Jiko la mkaa lilikatazwa kabisa kuingia chumbani, kwa kuwa yai hupumua kupitia kwenye ganda na hewa ya mkaa huliua kimya kimya. Kwenye hacha kazi ilikuwa ngumu zaidi. Ulifungua mlango ili joto litoke, lakini vifaranga waliokwisha kutoka wakiwa bado wabichi hawavumilii baridi, kwa hiyo ulilazimika kuurudisha mlango, ukangoja, ukafungua tena. Vipimajoto vyetu vya kioo vilichelewa kusema ukweli. Kaaya alinifundisha kuchukua yai na kuligusisha kwenye kope la jicho lililofumbwa. Kope halidanganyi. Yai likiwa sawa, hulisikii, ni kama ngozi yako mwenyewe. Likiwa baridi, unashtuka. Likikuchoma kidogo tu, fungua mlango upesi.

Baridi ya kule mlimani si ya kuelezea watu wa Pwani. Mwezi wa saba ukungu hushuka kutoka Meru asubuhi ukakaa mpaka jioni. Matawi ya migravilea na mikaratusi hulemewa na maji, hulala juu ya nyaya, na umeme unaondoka mlima mzima. Tulikuwa na jenereta ya dizeli, ya kuwashwa kwa hendeli, na ilikuwa kazi ya watu wawili. Mmoja alizungusha kwa nguvu zote, mwingine aliachia valvu kwa wakati wake. Kwenye baridi iligoma kama punda.

Sasa nifike kwa Mama Elinami. Alikuwa mama wa Kimeru, mjane, shamba lake likipakana na barabara ya kushukia Tengeru. Alifuga kuku wa kienyeji wakubwa, wenye miguu ya manyoya, aliorithi kwa mama mkwe wake, na hakukuwa na mwingine aliyekuwa nao mlimani. Alituletea trei tatu za mayai, mara yake ya kwanza kuamini mashine. Wiki iliyofuata kideri kikapita kijijini kwao. Kiliwamaliza kuku wake wote, jogoo na mitetea. Alikuja kituoni kutuambia, akasimama mbele ya seta akaiwekea mkono.

"Basi wote wako humu," akasema. "Hakuna mwingine."

"Wako salama, mama," nikamwambia.

"Usiniambie salama, baba. Niambie wanapumua."

Siku ambayo mayai yake yalikuwa kwenye hacha, mengine yakiwa yamekwisha kutoboka na midomo kuonekana, umeme ulikatika asubuhi. Hatukushtuka. Tulifunika seta, tukachemsha maji, Kaaya akaenda kwenye jenereta. Ikawaka, ikakohoa, ikazima. Bosi alipiga simu kutoka mjini.

"Dizeli imeingia maji," Kaaya akamwambia. "Nimemwaga, nimesafisha chujio, haitaki."

"Nakuja na dizeli nyingine."

"Barabara ni tope tupu, Bosi."

"Nimesema nakuja."

Mimi nilibaki na hacha. Chumba kilikuwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni. Nilifungua mlango, nikangoja, nikagusa yai kwenye kope, nikaurudisha. Nilifanya hivyo asubuhi nzima. Vifaranga watatu walikuwa wametoka, wameloa, wanalia. Ukifunga kidogo zaidi, wenzao walio ndani ya maganda wanapikwa. Ukifungua kidogo zaidi, hawa watatu wanaganda. Hakuna nafasi ya kukaa chini.

Karibu na adhuhuri Bosi alifika kwa miguu, suruali imejaa tope mpaka magotini, dumu la dizeli begani. Gari lilikuwa limenasa chini. Kaaya akaniita nizungushe hendeli, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imekwisha na Bosi alikuwa ameishiwa pumzi kwa kupanda na dumu. Nikauacha mlango wazi nusu, nikatoka.

Tulizungusha. Ikakataa. Tulipumzika, tukazungusha tena.

"Punda huyu hata mkewe angemkataa," Kaaya akasema.

"Zungusha, usiongee," Bosi akajibu.

Niliporudi, mlango wa hacha ulikuwa umefungwa. Juu yake kulikuwa na blanketi, na juu ya blanketi kitenge, na juu ya kitenge majani makavu ya mgomba yaliyofungwa kwa kamba, kama wanavyofunika mtungi wa pombe ya mbege usipoe. Mama Elinami alikuwa amesimama ameuegemea mlango kwa mgongo. Alikuwa amesikia kwamba umeme umekatika mlima mzima, akapanda mbio akiwa na blanketi la kitandani kwake.

"Shikamoo mama."

"Mliwaacha wazi," akasema. Hakuitikia. "Nimeingia nimekuta mlango wazi, na baridi hii. Mimi nina makoti mawili na natetemeka, nyie mmewaacha uchi."

"Mama, tafadhali ondoka mlangoni. Wanahitaji hewa."

"Hewa gani? Hewa hii ya kuua?"

"Wana joto lao."

"Yai lina joto lake wapi? Nimelea kuku tangu nikiwa msichana. Yai lina joto la mama yake. Mama zao wamekufa. Ondoka wewe."

Bosi alikuwa ameingia nyuma yangu. Alisema kwa upole, "Mama, nakuomba," na yeye akatikisa kichwa tu. Hakuna kati yetu ambaye angemshika mama wa umri ule akamsukuma. Nilijua kila dakika ni trei nzima. Nilifikiria kuvunja kibao cha nyuma cha kabati, lakini vumbi la mbao lingewaangukia.

"Mama," nikasema, "nipe yai moja tu. Fungua upenyo, mkono upite. Ukiona ni baridi, nitakusaidia kufunika."

Akasogeza majani, akaufungua mlango upana wa kiganja. Joto lilitoka hapo kama pumzi ya mtu mwenye homa. Nikachukua yai kwenye trei ya juu. Lilikuwa limetoboka, na ndani hakukuwa na mlio.

"Fumba jicho, mama."

Akafumba. Nikaligusisha kwenye kope lake.

Alirudisha kichwa nyuma ghafla. Aligeuka, akaanza kung'oa kitenge, blanketi na majani kwa mikono yote miwili, akaufungua mlango mpaka mwisho. Kabati lote lilitoa mvuke. Trei ya juu ilikuwa imekwisha, kwa kuwa joto hupanda. Trei ya kati na ya chini zilikuwa zinalia, si kwa nguvu, lakini zinalia.

"Fungua shati," Bosi akaniambia. "Waliotoka waweke kifuani."

Ndivyo tulivyofanya. Vifaranga wabichi niliwatia ndani ya shati, Bosi akawatia ndani ya sweta, Kaaya akapepea hacha kwa kipande cha katoni kama mtu anayewasha moto kinyume. Mama Elinami alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa hacha, yai moja baada ya jingine jichoni. "Hili sawa," alisema. "Hili linachoma, pepea." Baadaye akasema, "Sasa linaanza kupoa, rudisha mlango." Hakuna aliyempinga tena. Jenereta ilikubali tulipokuwa tumekwisha kuisahau, na feni ikaanza kuzunguka. Aliisikiliza kidogo, kisha akafunika uso kwa kitenge chake, kikiwa bado kina vipande vya majani ya mgomba.

Kesho yake alibeba kwenye kikapu waliobaki. Walikuwa zaidi ya nusu. Kabla ya kushuka aliingia chumbani akaitazama trei ya juu, ambayo Kaaya alikuwa hajaisafisha.

"Hawa ni kwa sababu ya blanketi langu?"

Kaaya akaniangalia. Mimi nikamwangalia Bosi.

"Ni baridi, mama," Bosi akasema. "Ni Julai tu."

Alifunika kikapu kwa mkono wake, akashuka.

Kazi ile haiko tena kama ilivyokuwa. Miaka michache baadaye Bosi alipandisha mabamba ya sola kwenye paa na betri kwenye stoo, na simu yake ikawa inalia mashine ikipungukiwa joto. Hendeli iliuzwa kwa mtu wa vyuma chakavu. Kaaya alirudi kwenye kahawa yake. Mimi nilibaki naangalia taa za kijani, na nikaanza kuota barabara. Ninachowaambia wanaoanza ni kwamba kifaa kipya ni kizuri, nunua ukiweza, lakini jifunze kwanza mashine inafanya nini, ili ikisimama ujue upande upi wa kukimbilia. Wengi hukimbilia kufunika. Kufunika kunampa mtu moyo kuliko kunavyomsaidia anayefunikwa.

Niliondoka Julai, ukungu ukiwa umeshuka mpaka barabarani. Begi lilikuwa lile lile. Njiani niliingia kwa Mama Elinami kuaga. Uwanja wake ulikuwa umejaa kuku wenye miguu ya manyoya, na uzao wao ulikuwa umefika Nduruma na Usa. Alinipa chai ya maziwa, akaniketisha karibu na jiko. Tangu siku ile hakuwahi kutuletea yai hata moja, na sikuwahi kumuuliza.

"Mama, mashine sasa zina betri," nikamwambia. "Umeme ukikatika hata hazijui."

"Nimesikia. Yule mzee wa kilemba alinitumia habari."

"Sasa mbona huleti mayai?"

Akanyoosha kidevu kuelekea pembeni mwa jiko, ambako mtetea mkubwa alikuwa ameatamia kwenye tenga la majani, macho nusu yamefumbwa.

"Huyu akisikia joto limezidi anainuka mwenyewe," akasema. "Mimi siku ile nilisimama na mgongo wangu huu mlangoni, baba, nikiwasikia wanalia, nikadhani ni baridi. Huyu hana mlango."

Nilimaliza chai, nikachukua begi, nikashuka kwenda kungoja basi.