Mwalimu Alois Ahamia Kwenye Basi

Mwalimu Alois alikuwa na hasira tangu siku ya kumaliza matanga ya mke wake Irene, na hasira yenyewe haikuwa ya kupayuka. Ilikuwa ya kufunga mlango taratibu na kujibu "sawa" kwa kila alichoambiwa. Waliomfahamu, na upande ule wa Matombo wote ulimfahamu kwa sababu aliufundisha kusoma kwa miaka thelathini na nne, walijua kwamba "sawa" ya namna hiyo ni mbaya kuliko fimbo.

Kilichomuudhi ni hiki. Kwa Waluguru ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama. Mwanamume akioa akahamia kwa mkewe, atalima, atajenga, atapanda migomba na mikarafuu mpaka mikono iote sugu, lakini udongo aliosimama juu yake ni wa wakwe. Mke akifariki, wenye udongo wanakaa kikao. Na usidhani Mwalimu Alois hakuyajua hayo. Yeye mwenyewe, enzi za ujana wake kule Kinole, alishakaa kwenye kikao cha ukoo wake na kunyoosha mkono ili shemeji mmoja aliyefiwa na mke aondoke. Alinyoosha mkono, kisha akaenda kula. Sasa zamu ilikuwa yake, na hakuwa na wa kumlaumu, na hakuna kitu kinachomkera mtu mwenye hasira kama kukosa wa kumlaumu.

Aliyekuja kumwambia ni Raphael, mdogo wake marehemu Irene na msemaji wa ukoo. Alikuja na wazee wawili, akakalia ncha ya kiti kama mtu aliyekuja kuomba.

"Shemeji, wewe si mtu wa kufichwa jambo," Raphael alisema. "Kiwanja na shamba vimepangiwa Paskalia."

Paskalia alikuwa mtoto wa dada yao mwingine. Aliachika, akarudi na watoto watatu, akawa analala jikoni kwa bibi yake bila hata tuta moja la kulima. Mwalimu alimfundisha darasa la kwanza. Ungetaka kumchukia Paskalia ungeanzia wapi? Mwalimu alijaribu, akashindwa, akazidi kukasirika.

"Tumekupa miezi sita," Raphael aliendelea. "Ng'oa mabati, ng'oa milango, beba chochote ulichokinunua. Sisi hatuna neno."

"Sawa," Mwalimu alijibu.

Ukoo wake wa Kinole ulimtumia ujumbe kwamba arudi, atakatiwa kipande. Na nani atamkatia? Wapwa zake, vijana aliowaona mara ya mwisho wakiwa wanabebwa mgongoni. Arudi na miaka yake sitini na saba aonyeshwe kona ya kulala, ajifunze kupita njia ya watu, siku moja kikao kingine kikae. Hapana, bwana. Alikaa siku nne hasemi na mtu, siku ya tano akashuka Morogoro mjini kwa fundi Hamza, aliyekuwa mwanafunzi wake wa zamani, na kumwambia kwamba anataka nyumba isiyokaa juu ya ardhi ya mtu yeyote.

Hamza alidhani mzee amechanganyikiwa kwa msiba. Alipoelewa, alimpeleka nyuma ya gereji kwenye basi moja kuukuu aina ya Coaster, lililochoka mwili lakini injini bado ina pumzi. Kiinua mgongo kilichobaki kikaishia pale. Wakang'oa viti vyote isipokuwa cha dereva. Hamza akachomelea kitanda, akaweka jiko la gesi, tangi la maji na sola juu ya paa. Mwalimu, ambaye aliwahi kuendesha lori la misheni enzi zake, akalipeleka basi mwenyewe mpaka kijijini. Watoto walilikimbilia wakidhani kuna harusi. Watu wakacheka, wakasema mwalimu amehamia kwenye basi, na yeye akawajibu kwamba ndiyo, amehamia, na basi halina mjomba wa kuliitia kikao. Mpango wake ulikuwa kulala Kingolwira wiki mbili, Dumila mwezi, kokote ambako mwanafunzi wake wa zamani ana uwanja wa kuegesha, na akichokwa, awashe gari.

Mpango ulikuwa mzuri. Uliharibiwa na vitabu.

Ukuta mzima wa sebule ulikuwa vitabu. Rafu zenyewe Mwalimu alizijenga kwa matofali, zikashikana na ukuta, kwa sababu mbao mchwa walizimaliza mara mbili. Kulikuwa na riwaya za Kiswahili alizonunua Dar es Salaam kila likizo, kamusi, vitabu vya sala, ensaiklopidia nzima aliyoachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao, vijitabu vya ukulima, na vitabu vya darasani vya mitaala ambayo serikali yenyewe ilishaisahau. Vyote alivizungushia jalada la khaki, kwa hiyo hujui kipi ni kipi mpaka ufungue. Irene peke yake ndiye aliyejua. Irene aliishia darasa la nne, alisoma kwa kufuata mstari na kidole, lakini alivisoma vyote kimoja baada ya kingine, akimenya ndizi huku kitabu kimeegemezwa kwenye sufuria. Ukimwuliza kitabu fulani kiko wapi, alikiendea moja kwa moja.

Mwalimu alijaribu kuvitafutia pa kukaa. Alianza na binti yake Happiness, ambaye shamba lingekuwa haki yake lakini aliuambia ukoo kwamba harudi kulima; anaishi vyumba viwili vya kupanga Kihonda na mume na watoto wanne.

"Baba, tutaviweka wapi?" Happiness alisema. "Halafu siku hizi vyote viko kwenye simu."

Mwalimu akamwomba amwonyeshe kwenye hiyo simu kijitabu cha magonjwa ya migomba kilichoandikwa kwa mkono na bwana shamba aliyekufa zamani. Happiness akaiweka simu chini. Mwalimu akaenda shuleni, kwenye shule ile ile aliyoizeekea, ambako mwalimu mkuu wa sasa alimwambia kwa heshima zote kwamba vitabu visivyo kwenye orodha haviruhusiwi kupokelewa bila barua yenye muhuri. Sokoni, mama mmoja muuza karanga aliuliza bei kwa kilo. Hapo Mwalimu Alois alirudi nyumbani, akaanza kuvipanga kwenye makatoni ya sabuni, na kuapa mbele ya picha ya Irene kwamba vyote vitaondoka naye na hakuna hata karatasi moja itakayobaki kwenye udongo wa watu.

Makatoni yalifika arobaini na moja. Hamza alipiga simu kumwonya.

"Mwalimu, spring hizo ni za abiria," alisema. "Abiria mlimani wanashuka, wanasukuma. Vitabu havishuki."

"Sawa," Mwalimu alimjibu.

Siku ya kuondoka, miezi sita ilipotimia, hakumuaga mtu. Na kwetu hilo ni tusi, usidanganyike. Mtu anaaga hata akienda kusaga mahindi. Yeye alitoka alfajiri, mvua ya masika imenyesha usiku kucha, nyumba ameiacha wazi na milango yake na mabati yake, hakung'oa hata msumari, maana hakutaka waseme alibeba. Makatoni yamejaa mpaka juu ya kitanda. Basi limekaa chini nyuma kama kuku anayeatamia.

Lilivuka mto. Kwenye mpando wa kwanza baada ya mto, likakataa. Magurudumu yalizunguka kwenye tope, basi likateleza kurudi nyuma, mkia ukaelekea korongoni, na Mwalimu akakanyaga breki. Aliweka mawe kwenye matairi, akajaribu tena. Likateleza tena. Akateremsha makatoni matatu, akajaribu, wapi. Akateremsha kumi, akayapanga pembeni juu ya majani ya mgomba, akajaribu, likapanda hatua mbili na kuzima. Akasimama barabarani tope limemfika magotini, akalitukana basi, akaitukana mvua, akamtukana Hamza kwa kusema kweli.

Wakati huo Raphael na wenzake walikuwa wameshafika nyumbani kwake na mikungu miwili ya ndizi na gunia la mihogo, wakakuta pametulia. Wakafuata alama za matairi. Walimkuta pale mlimani, watu kama kumi na tano, na Paskalia kati yao, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, shemeji," Raphael alisema.

"Marahaba," Mwalimu alijibu, akiangalia pembeni.

Raphael alikunja suruali, akaingia ndani ya basi, akatoka na katoni kichwani na kuanza kupanda. Wengine wakafuata. Mwalimu alitaka kuwakataza, lakini angewakatazaje watu ambao wameshabeba? Waliyabeba yote arobaini na moja, wakapanda na kushuka wakisimuliana habari zao za mbolea na za mtu aliyeibiwa bodaboda, kisha wakaja kulisukuma basi tupu mpaka juu. Nakwambia, hakuna aliyenuna ila yeye. Kila katoni lililompita kichwani kwa mtu lilimchoma. Watu waliomtoa kwake ndio hao wanamtolea jasho.

Juu kabisa, makatoni yakiwa yamepangwa ukingoni mwa barabara, Raphael alitua la mwisho na kujifuta uso kwa shati.

"Mbona umeondoka bila kuaga, shemeji?" aliuliza. "Sisi tulikuja kukusindikiza."

"Anayesindikizwa ni mgeni, Raphael."

"Ndiyo, shemeji."

Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Hakukusudia kumkata mtu. Afadhali angemzaba kofi, maana kofi Mwalimu angelirudisha.

"Miaka thelathini na sita," Mwalimu alisema, na sauti yake iliwafanya watu waache kujipangusa tope. "Nimezika watoto wawili pale. Wanabaki, maana ni wenu. Irene anabaki, maana ni wenu. Mimi ndiye mgeni. Haya, nimekubali, naondoka. Lakini hivi vitabu vilikuwa wageni lini? Vimesomewa pale. Irene amevibeba kichwani kutoka stendi, kimoja kimoja, kwa hela ya ndizi za shamba lenu. Virudisheni."

"Virudi wapi?" Raphael aliuliza.

"Ukutani. Zile rafu ni za matofali, haziendi popote."

Watu waliangalia makatoni, wakaangalia ule mlima walioupanda sasa hivi. Mzee mmoja akacheka kidogo, akajikuta amecheka peke yake. Mwalimu alikuwa ameshamgeukia Paskalia.

"Wewe nilikufundisha kusoma," alimwambia. "Bado unajua?"

"Najua, mwalimu." Paskalia alikuwa ameshika kanga ya mtoto kwa mikono miwili. "Nitavitunza. Nitavifunika na kitambaa visishike vumbi."

"Ukivifunika nitarudi nivichome moto. Nataka vichafuke. Nataka watoto wako wavishike na mikono ya mafuta, na wa jirani, na wa jirani wa jirani. Mtoto akikikojolea kimoja, kianike, mpe kingine. Umenisikia?"

"Nimesikia, mwalimu."

"Na mlango usifungwe. Atakayefunga huo mlango ndiye aliyenifukuza."

Raphael aliinama, akafungua katoni lililokuwa karibu, akatoa kitabu kimoja bila kukiangalia na kumnyooshea.

"Chukua hata hiki, shemeji. Njiani utasoma nini?"

Mkono wa Mwalimu ulitoka wenyewe, nusu ya njia. Akaurudisha mfukoni.

"Mgeni habebi vitu vya nyumba," alisema.

Alipokea ndizi na mihogo, kwa sababu hizo alipewa yeye, akamshukuru kila mmoja kwa jina, na kila mmoja aliyeitwa aliinamisha kichwa kama darasani. Raphael aliinua katoni akalirudisha kichwani. Paskalia alimhamishia mtoto kifuani ili apate kubeba. Wakaanza kushuka kwa mstari mmoja, taratibu, wakitafuta pa kukanyaga, na Mwalimu alisimama akiwahesabu mpaka mgongo wa mwisho ukapotea kwenye migomba. Waliobeba walikuwa kumi na tano tu. Yaliyobaki wangeyarudia.

Hakusubiri. Aliwasha gari. Lilikuwa jepesi mno, likiruka kwenye kila shimo, sufuria zikigongana nyuma, mikungu ikibingirika kwenye sakafu ambapo vitabu vilipaswa kuwa. Alimtukana Raphael mpaka maneno yakamwishia. Akautukana ukoo, akautukana na ukoo wake mwenyewe wa Kinole, akajitukana na yeye kwa mkono ule aliounyoosha ujanani kisha akaenda kula.

Alikuwa ameshapita Mkuyuni alipogundua kwamba anaongea kwa sauti, na kwamba anayemgombeza ni Irene. Alikuwa anamwambia kwamba hawakukubaliana hivyo. Yeye Alois ndiye mkubwa kwa miaka tisa, yeye ndiye aliyetakiwa kutangulia, na angetangulia yeye, Irene angekuwa sasa hivi jikoni anamenya ndizi na kitabu kimeegemezwa kwenye sufuria, na hakuna mtu ambaye angekaa kikao.