Senta Wetu wa Kilosa, Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kiwanda cha katani nje ya Kilosa, ofisa utumishi alinipa kazi mbili: asubuhi kuchapa barua, jioni kukaa mezani uwanjani kuandika matokeo ya mpira wa kikapu.

"Una kidato cha nne," alisema. "Vimistari havikushindi."

Havikunishinda. Aliyefunga aliandikiwa pointi, aliyecheza rafu aliandikiwa faulo. Fomu haikuwa na nafasi ya kingine.

Senta wetu, anayelinda chini ya kikapu, alikuwa Dada Zuhura wa Zombo, mpimaji wa marobota. Kufunga hakukuwa kazi yake, alikuwa anazuia. Mfungaji wa timu ya Mikumi akiruka, anakuta mkono wa Zuhura umeshafika, mpira unarudi ulikotoka.

"Hapa hakuna njia, dada, zungukia Berega!" mashabiki walipiga kelele. Tukishinda, waliobebwa juu ni wafungaji. Upuuzi mtupu. Bila yule mwanamke tungefungwa kila wiki.

Kisha kiwanda kikauzwa, likaja punguzo la wafanyakazi. Nilikuwa nanyonyesha. Tukisikia gari la meneja mpya, kila mtu anainamia kazi yake. Alisema wachezaji watakaobaki kazini ni wenye faida kwa timu, akaniita na fomu zangu.

"Huyu Zuhura pointi nne msimu mzima? Na faulo zote hizi?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa huwa anafanya nini uwanjani?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lakini kalamu yake ilikuwa juu ya karatasi ya majina, na langu lilikuwemo.

"Sijui, mzee. Mimi naandika tu."

Akamkata.

Zuhura alipokuja kurudisha sare, nilimwamkia, "Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Hivi walikuuliza habari zangu?"

"Hapana."

Akanishika bega. "Najua. Wangekuuliza, ungewaambia."

Mimi mwenyewe niliachishwa kabla mwanangu hajatembea. Wadogo zangu mnaoandika matokeo leo, namlaani yule meneja, lakini hakusema uongo hata mmoja. Uongo niliusema mimi, kwa woga, na haukuniokoa.

Nasikia Zuhura anauza vitunguu Dumila. Basi likisimama pale, wachuuzi wakisogeza beseni madirishani, najifunika khanga usoni, nasingizia usingizi.