Pai ya Clifford Kwenye Kikoa cha Alhamisi

Clifford Oldroyd alifiwa na mkewe mwaka elfu mbili na kumi na moja. La, tusidanganyane, ilikuwa kumi na mbili, maana kumi na moja ndio theluji iliangusha paa la shule ya zamani pale kijijini Gorna Lipa, Bulgaria, na Beryl alikuwa hai bado, yeye ndiye aliyekuwa akiwachemshia chai mafundi. Basi ni kumi na mbili, Februari, ardhi imeganda hadi wachimba kaburi wakakoka moto juu yake kwanza ndipo sururu ikapata kuingia.

Huko kwao Yorkshire, Uingereza, kabla hawajahamia Bulgaria uzeeni, Clifford alikuwa akiendesha lori la maziwa. Mtu wa maneno machache, mikono mikubwa. Tangu aoe hakuruhusiwa jikoni. Beryl akimwona anasogelea jiko humwambia, "Wewe, nje. Kaangalie nyanya zako." Naye huenda. Upishi aliujua kwa kuutazama mgongo wa mkewe kutoka mlangoni, basi.

Matanga hayajapoa, binti yao Hazel akampigia simu kutoka Uingereza. "Baba, rudi nyumbani. Chumba kipo."

Alisema kweli, mtoto wa watu. Mzee wa miaka sabini atapasua kuni mwenyewe katika kijiji cha Kibulgaria mpaka lini? Ila Clifford hakutaka kumwacha Beryl peke yake kule kilimani, katikati ya makaburi yenye maandishi asiyoweza kuyasoma. Neno hilo lilikataa kumtoka. Akajibu, "Nitarudi siku watu wa hapa watakaponichoka."

"Na utajuaje kama wamekuchoka?"

"Nitajua kwenye kikoa."

Kikoa chenyewe kilikuwa Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi. Waingereza wote wa Gorna Lipa na vijiji vya jirani hukutana mchana katika ukumbi wa ile shule, kila mmoja na chakula alichokipika kwake. Hakuna anayepangiwa cha kuleta, na hakuna anayekuja mikono mitupu. Chini ya kila trei pamebandikwa utepe wenye jina la mwenyewe. Na kuna adabu moja ambayo hakuna aliyeitangaza: hujipakulii chakula chako mwenyewe. Ukifanya hivyo ni kama umesema mikono ya wenzio huiamini. Watu wakishashiba, macho huibia kwenye matrei. Ambaye trei lake limebaki jeupe, bila chembe, hutembea kifua mbele. Ambaye lake limejaa hulifunika kitambaa akasema siku hizi watu hawali kabisa.

Glenys Pugh, mama wa Kiwelisi aliyekuwa akiongoza mambo yote pale, alimwambia Clifford, "Mpenzi, wewe njoo na mdomo wako tu. Hakuna anayekudai chakula."

Clifford akaumia. Anayekuja na mdomo tu ni mgeni, na mgeni hurudi kwao.

Kwa hiyo akapika ile pai ya Beryl, nyama ya kusaga chini, viazi vya kuponda juu. Kwenye rafu akakuta chupa ya unga mwekundu wenye majani ndani yake, ambayo Beryl alikuwa haachi kuigusa akipika. Maandishi ya Kibulgaria. Akadhani ni bizari tu, akatia konzi mbili, kisha akaongeza chumvi ya kawaida, kwa kuwa chakula hakiendi bila chumvi. Kumbe ile chupa nayo ni chumvi, chumvi ya nchi ile iliyochanganywa na viungo, ambayo wenyewe huinyunyiza juu ya mkate kwa ncha za vidole. Hakuonja. Hakujua kwamba wapishi huonja.

Desmond Tranter, dereva wa basi mstaafu na mtu wa mzaha, alikuwa wa kwanza kujipakulia. Akatia kijiko mdomoni, akatafuna polepole.

"Vipi?" Clifford akauliza.

"Mzee mwenzangu," Desmond akakohoa. "Hii pai ina nguvu."

"Ni ile ile ya Beryl."

"Nguvu kabisa."

"Tamu sana, mpenzi," Glenys akadakia, akanywa glasi ya maji, akajimiminia ya pili.

Ndivyo walivyo watu wale. Kumwambia mtu chakula chake kibaya ni sawa na kumvua nguo sokoni. Na tena ukipenda, chongo utaita kengeza. Trei la Clifford likarudi limekwanguliwa hata pembe zilizoungua. Jioni akampigia Hazel. "Imeisha yote," akamwambia, na sauti yake ilikuwa na nyama kidogo kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Ikaenda hivyo miaka miwili. Pai ile ile, chupa ile ile, na trei kila mara jeupe.

Halafu akamwalika kwenye kikoa jirani yake wa ng'ambo ya ua, Bibi Stoyanka, ajuza aliyekuwa akimletea vitunguu na kuzitukana nyanya zake. Stoyanka akajaza sahani. Akatafuna. Akaweka uma chini.

"Clifford," akasema kwa Kibulgaria, "hii ni pai, au lile jiwe tunalowapa ng'ombe walambe?"

Kibulgaria cha ng'ombe hakuna asiyekijua pale.

"Bibi anatania," Glenys akasema.

"Sitanii. Nyinyi mna figo za chuma?"

Clifford akachukua kijiko, akaivunja ile adabu, akaonja pai yake mwenyewe mbele ya watu wote. Akameza kwa taabu. Akachukua kofia yake, akatoka, trei akaliacha mezani. Njiani alikuwa akizirudia zile Alhamisi moja moja, na katika kila moja aliona wanamcheka. Alipofika nyumbani akapiga simu.

"Kile chumba bado kipo?"

"Kipo, Baba. Kuna nini?"

"Nitakueleza nikija."

Asubuhi Stoyanka akaingia bila hodi, mkono mmoja trei, mkono mwingine nyama. Hakuomba radhi. "Simama hapa. Onja," akasema. Wakakaanga vitunguu. "Onja." Wakatia nyama. "Onja tena. Miaka yote hii ulikuwa unapika kwa imani?" Ile chupa akaipeleka rafu ya juu kabisa.

Alhamisi ya kikoa iliyofuata Clifford alikwenda kuwaaga. Alibeba pai nzuri, kahawia juu, asije akaondoka na jina la jiwe la ng'ombe. Desmond akala, akarudia.

"Sasa Cliff, hii ndiyo pai," akasema, na Glenys akampiga kiwiko cha mbavu.

Watu walipoanza kukusanya vyombo, Clifford akaenda kuchukua trei lake. Pai ilikuwa imebaki theluthi nzima. Akatazama mengine. Nayo yalikuwa na mabaki, la huyu robo, la yule nusu, kwa sababu chakula kwenye kikoa huwa kingi kuliko matumbo. Nzuri imebaki. Ile mbaya haikubaki hata siku moja, hata pembe. Basi kuna mtu aliyekuwa akiimaliza makusudi, kwa ajili yake.

Kisha akatoka uani na simu. "Hazel, mwanangu, hicho chumba kipangishe," akasema. "Hapana, siumwi. Hapa nilipo nimeshikwa vizuri, ndiyo maana."

Akarudi ndani. Shukrani zilikuwa zimemjaa na hakujua ampe nani, basi akawauliza waliokuwa wakiosha vyombo. Glenys akaendelea kufuta sahani iliyokwisha kukauka. Desmond akauliza nani anataka chai. Akauliza tena Krismasi. Akauliza hata siku walipomzika Desmond, karibu na Beryl, akiwa amemshika Glenys mkono asiteleze kwenye barafu: jamani, ile pai yangu ya chumvi, nani alikuwa anaimaliza?